Kipimo cha maziwa ya kopo kilikuja baada ya vilio

Kituo cha daladala cha Ubungo Maziwa kina jina la kiwanda. Hapo shirika la umma, Tanzania Dairies Limited, lilichanganya maziwa ya unga na mafuta ya siagi ya msaada kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), likawapatia wakazi wa Dar es Salaam maziwa ya kunywa. Ubungo hiyohiyo ndiko yaliko makao ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975.

Maziwa ya madumu, yale yaletwayo mlangoni kwa baiskeli, kipimo chake cha zamani ni laktomita. Ikizama kupita kiasi, ujue yametiwa maji. Lakini laktomita haijui kama ndani mna chuma, zinki au risasi.

Kwa madini, wakemia walitumia moto. Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zikichomwa hubaki jivu la takribani gramu 0.7, ya mama huacha kama gramu 0.2 tu. Jivu hilo ni chumvi za madini, na wingi wake katika maziwa ya ng'ombe huelemea figo za mtoto mchanga, huku chuma kikiwa haba. Ndiyo maana watengenezaji wa maziwa ya kopo ya watoto wachanga hupunguza chumvi na kuongeza chuma, na hapo ndipo hatari ilipoingilia.

Mwaka 1955, magharibi mwa Japani, watoto zaidi ya 12,000 walidhurika na zaidi ya 100 wakafa kwa maziwa ya unga ya Morinaga. Kemikali iliyotiwa kutuliza maziwa ilikuwa na aseniki. Mwaka huohuo, huko Australia, mwanasayansi Alan Walsh alichapisha njia mpya ya kupima madini: sampuli hupuliziwa kwenye mwali wa moto, kisha mwanga wa taa maalumu hupitishwa humo. Kila elementi hufyonza mwanga wake. Upungufu wa mwanga huo ndio unaoonyesha kiasi cha elementi, hata kikiwa kidogo mno.

Hata hivyo, chombo hakisaidii asipokuwepo wa kuuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nchini Marekani, kampuni ya Syntex iliacha kuongeza chumvi kwenye maziwa yake ya soya. Watoto walidhoofika kwa kukosa kloridi, na sheria ya kulazimisha vipimo ikapitishwa mwaka 1980, watoto wakiwa wameshaumia. Mwaka 2008 yakaja maziwa ya China yaliyochanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, nayo Tanzania ikapiga marufuku maziwa ya huko.

Hapa nchini, kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilitoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda TBS mwaka 2019. Historia inalidai shirika hilo jambo moja: lipime kabla ya msiba.

Mzazi naye ana sehemu yake. Anayeweza kunyonyesha anyonyeshe, miezi sita ya kwanza bila hata maji. Anayelazimika kutumia kopo aangalie tarehe na alama ya ubora, kisha afuate vijiko vilivyoandikwa. Kupunguza unga na kuzidisha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumpunja mtoto madini yote yaliyopimwa kwa miligramu, na hakuna maabara itakayoligundua kosa hilo.