Kuchanga na Kuchunga: Istilahi za Ufundi wa Siri wa Karata

1. Utangulizi

Mji wa Makambako umekaa mahali njia zinapogawanyika. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia hupita hapo. Hapo ndipo huchepuka barabara iendayo Njombe na Songea. Na Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni hapo hapo. Mahali pa namna hiyo watu husubiri, na asubiriye safari huwa na nauli mfukoni. Si ajabu, basi, kwamba mchezo wa karata tatu unaojulikana katika vituo vingi vya mabasi nchini haukuupita mji huu.

Makala haya yametokana na swali tulilopewa na mtumishi mmoja wa serikali tulipokuwa Njombe kwa kazi ya kukusanya maneno. Alikuwa ameandika maelezo ya abiria aliyepoteza nauli yake yote kwa mcheza karata. Aliandika hivi: "Alifanya kiini macho, karata ikapotea." Karatasi ilirudishwa kwake na swali moja: mkono wa mtu huyo ulifanya nini hasa? Ndugu yetu huyo alikuwa ameona, na alikuwa ameelewa, lakini hakuwa na maneno.

Upungufu huo si mdogo. Mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili kwa muda mrefu, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Kanuni ya Adhabu inamhukumu mtu apataye mali ya mwenziwe kwa hila. Hila isiyoweza kuelezwa haiwezi kuthibitishwa. Na jambo lisiloelezeka, katika nchi yetu, huchukua upesi jina la uchawi.

2. Majina yaliyokuja kwa merikebu

Tukiyachunguza maneno ya karata tuliyo nayo, tunaona jambo la kufundisha. Neno karata lenyewe limetoka katika Kireno, na pamoja nalo yamekuja majina ya aina nne za karata: kopa, uru, shupaza na pao. Turufu nayo ina asili hiyo hiyo. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na Ngome ya Yesu waliyoijenga Mombasa ilitoka mikononi mwao mwaka 1698. Katika karne hizo mbili walituachia maneno mengi ya vitu, na haya ni baadhi yake. Ghulamu tumelipata kwa Waarabu. Kamusi za zamani ziliziita karata zenye sura za watu "mzungu", yaani mzungu wa pili, wa tatu na wa nne.

Lakini vitendo je? Mchezaji huchanga karata, huzikata, huzigawa, huzitupa, huzifunika na huzila. Hakuna hata kimoja kilichokuja na merikebu. Vitu tulivikopa, vitendo vilikuwa vyetu tangu hapo. Na kwa kuwa ufundi wa siri wa karata ni vitendo vya mikono, yafaa istilahi zake zitafutwe kwanza katika vitenzi tulivyo navyo kabla ya kwenda kubisha hodi ugenini.

3. Historia fupi ya ufundi huu

Mwaka 1584, Mwingereza aitwaye Reginald Scot alitoa kitabu chake, The Discoverie of Witchcraft. Nia yake ilikuwa kupinga mateso na mauaji ya watu, wengi wao wanawake maskini na wazee, walioshitakiwa kwa uchawi. Ili aonyeshe kwamba mambo ya ajabu mara nyingi ni kazi ya mikono tu, alieleza hila za wafanya mazingaombwe, zikiwamo za karata. Alisema kwamba jambo kuu ni kuchanga karata kwa wepesi huku karata moja inayojulikana ikibaki daima chini, au mahali pengine panapojulikana. Yaani, maelezo ya awali ya ufundi huu yaliandikwa kwa sababu ile ile iliyomleta mtumishi wa Njombe kwetu.

Katika karne ya 19, Mfaransa Robert-Houdin na wenzake waliitukuza mbinu nyingine: kugawa bunda la karata kwa siri na kuvusha nusu ya chini ikawa juu, hata karata iliyorudishwa katikati ikajikuta kileleni. Mbinu hiyo ilihesabiwa kuwa msingi wa kazi yote ya karata. Kisha mwaka 1902 kilitoka Marekani kitabu cha mtu aliyejiita S. W. Erdnase, ambaye jina lake halisi halijajulikana kwa yakini mpaka leo. Yeye alieleza mbinu za wadanganyifu wa mezani na za wafanya mazingaombwe katika kitabu kimoja, mchezo wa karata tatu ukiwamo. Alikiri kwamba njia ya kuvusha nusu ambayo ingefanana kabisa na mwendo wa kawaida wa mchezaji ilikuwa bado haijavumbuliwa.

4. Jinsi mbinu inavyochaguliwa

Kukiri huko kwa Erdnase ndiko kunakotufunulia kanuni ya uchaguzi. Mtazamaji amechagua karata, ameitazama, ameirudisha. Fundi anataka ijulikane ilipo. Mbinu ziko nyingi, achague ipi?

Kwanza, atazame karata inatakiwa wapi: juu ya bunda, chini yake, au nje kabisa, ndani ya kiganja. Asipeleke kiganjani karata ambayo ingetosha kukaa juu.

Pili, atazame macho yako wapi. Mbele ya watu walioketi upande mmoja, kuvusha nusu na kuficha kiganjani huwezekana. Katika kituo cha mabasi, ambapo watu wamezunguka pande zote, kiganja kinachofichwa mbele huonekana nyuma.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kitendo cha siri kivae nguo ya kitendo cha kawaida. Mkono unaochanga karata hauulizwi kwa nini unachanga. Mkono unaotikisika bila sababu huulizwa, hata kama jicho halikuona kitu. Ndiyo maana wengi hupendelea kuacha mwanya mdogo kwa ncha ya kidole cha mwisho, kisha kukata bunda mara mbili kutoka chini hata karata ifike juu. Mbinu hiyo hujifunzwa kwa muda mfupi, na mwenye kutazama haoni ila mtu anayekata karata.

Karata tatu hufuata kanuni hiyo hiyo. Mchezeshaji hushika karata mbili katika mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na ya tatu katika mkono wa pili. Watu wanatazamia atupe ya chini. Kwa mwendo ule ule, hutupa ya juu. Hakuna kilichopotea wala kilichogeuka.

5. Jinsi neno linavyochaguliwa

Tulipotafuta jina la dhana nzima, yaani kujua na kushika kwa siri mahali pa karata moja, pendekezo la kwanza lilikuwa "kudhibiti karata". Tuliliona zito na la kiofisi. Zaidi ya hayo, kudhibiti ni jambo la wazi, ilhali hili ni la siri. "Kuongoza karata" lilifikiriwa pia, lakini karata mara nyingi haiongozwi popote. Huachwa ilipo, nyingine zikazungushwa.

Ndipo tukafikia "kuchunga". Mchungaji humwacha ng'ombe atembee kati ya wenzake, wala hamshiki kamba. Hata hivyo hajampoteza machoni. Hiyo ndiyo maana tuliyoitafuta.

Pingamizi lilitokea mara moja, nalo lilikuwa la haki. Kati ya kuchanga na kuchunga pana irabu moja tu. Kuchanga ni halali. Kuchunga, fedha zikiwa zimewekwa, ni hila. Kosa la mpiga chapa laweza kumtia mtu hatiani au kumwokoa asiyestahili. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba katika maandishi ya kisheria istilahi iandikwe kwa ukamilifu wake: "kuchunga karata kwa siri". Katika darasa na mazungumzo, "kuchunga" pekee latosha.

Vile vile tuliliacha jina "mchango bandia", kwa kuwa mchango ni fedha au mali itolewayo na watu kwa jambo la pamoja. Tumechukua "uchangaji bandia".

6. Mapendekezo

Kuchunga karata kwa siri: kushika mahali pa karata moja huku karata zote zikionekana kuchanganywa.

Uchangaji bandia: kuchanga kusikobadili mpangilio wa karata zote au wa zile zinazotakiwa.

Kuacha mwanya: kutenga sehemu mbili za bunda kwa ncha ya kidole.

Kuvusha nusu: kubadilishana kwa siri nafasi za sehemu ya juu na ya chini ya bunda.

Kuficha kiganjani: kushika karata ndani ya kiganja kinachoonekana kitupu.

Karata jirani: karata inayojulikana, iliyowekwa kando ya iliyochaguliwa ili iitambulishe.

Kukunja pembe: kuipa karata alama kwa kuipinda kidogo.

Kumchagulia: kumfanya mtu achukue karata iliyokusudiwa naye akidhani amechagua mwenyewe.

Mtupo bandia: kutupa karata ya juu kwa mwendo wa kutupa ya chini.

Maneno kiini macho na mazingaombwe yabaki kwa maonyesho ya kuburudisha, ambapo mtazamaji anajua kwamba atadanganywa na amekubali. Yasitumiwe kueleza kosa.

7. Hitimisho

Tulirudi kwa mtumishi wa Njombe na orodha hii. Aliandika upya maelezo yake: "Mtuhumiwa alishika karata mbili katika mkono wa kulia. Alionyesha ya chini, kisha akafanya mtupo bandia, akatupa ya juu. Mlalamikaji aliifuata hiyo iliyotupwa kwanza, akaiwekea fedha zake." Sentensi tatu, na kila moja yaweza kuulizwa, kujibiwa na kupingwa na mtuhumiwa mwenyewe, ambaye naye ana haki ya kujua anashitakiwa kwa kitendo gani.

Mapendekezo haya si ya mwisho. Walimu, wafasiri na watumishi wenye maneno mengine yanayotumika kwao wanaombwa wayalete, hasa vitenzi, ili yapimwe pamoja na haya kabla ya kusanifiwa.