Uwanja wa kinga na upenu wake

Katika jimbo la California, Marekani, mwenye nyumba iliyo kwenye eneo la hatari ya moto kichaa anatakiwa na sheria kupunguza majani na vichaka kuizunguka hadi futi 100, yaani mita 30 hivi. Eneo hilo lililopunguzwa vichaka Kiingereza hulitaja kama "defensible space". Ukilitafsiri "nafasi inayoweza kutetewa", umelipeleka mahakamani. Mimi naliita uwanja wa kinga.

Kinga ni kizuizi, lakini pia ni kipande cha ukuni kinachowaka, kile cha methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Maana zote mbili zinahusika hapa. Nyumba nyingi huungua kabla ndimi za moto hazijafika: upepo hubeba vijinga na cheche, ukavidondosha kwenye majani makavu yaliyojikusanya chini ya dirisha au kwenye zulia la mlangoni. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2020 iliagiza uongezwe ukanda wa ndani kabisa, futi 5 kutoka ukutani, usiwe na kitu cha kushika moto. Wao wanauita Ukanda Sifuri. Sisi tunalo neno tangu zamani: upenu, pale chini ya ukingo wa paa, panapofagiwa alfajiri mpaka udongo ukabaki na mistari ya ufagio.

Shida ni vipimo. Jiji la Los Angeles linadai futi 200, mara mbili ya jimbo. San Diego inazigawa futi 100 zake: 35 karibu na nyumba, 65 za nje. Mtaa wa Panoramic Hill uko nusu katika mji wa Berkeley, nusu katika mji wa Oakland. Mwaka 2025 Berkeley ilipitisha sheria yake ya upenu kwa upande wake, nayo inakomea mpakani. Moto haukomei hapo. Ule wa Oktoba 1991 kwenye vilima vya Oakland uliua watu 25, na nyumba za Berkeley nazo ziliteketea.

Kwa hiyo futi 100 zisiingizwe kwenye maana ya istilahi. Mfasiri aandike uwanja wa kinga, ataje mji, ndipo aweke kipimo. Mswahili aliyepanga nyumba kwenye vilima hivyo akisoma "ondoa vichaka upenuni" atajua aanzie wapi. Atabaki kuuliza tu nyumba yake iko upande gani wa mpaka.