Funguo Kabla ya Tiba: Makazi ya Wagonjwa wa Akili na Waraibu kutoka New York hadi Helsinki

Mwaka 1955 hospitali za serikali za magonjwa ya akili nchini Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000, wengi wao wakiwa wamekaa humo miaka mingi hata hawakuwa na kwao kwingine. Dawa ya klopromazini, iliyoanza kutumika nchini humo mwaka 1954 kutuliza dalili kali za maradhi hayo, pamoja na sheria ya Oktoba 1963 ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na wananchi, ilichangia kuwatoa hospitalini, ingawa vituo vilivyojengwa vilikuwa pungufu mno ya vilivyokusudiwa.

Mara nyingi husimuliwa kana kwamba watu hao walitoka wodini wakaishia barabarani moja kwa moja, na hapo simulizi huruka jambo kubwa. Jijini New York wengi walipokewa na hoteli za vyumba vya mtu mmoja mmoja, yaani majengo ya kupangisha kwa wiki, ambamo mpangaji alipata kitanda na pengine sinki, huku choo na bafu vikiwa vya ghorofa nzima. Vilikuwa vyumba duni, vingine vya hatari, lakini hakuna aliyeulizwa mlangoni kama ana akili timamu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 jiji liliwapa wenye majengo hayo nafuu ya kodi wakiyageuza kuwa nyumba za watu wenye uwezo, na vyumba hivyo vikatoweka kwa maelfu. Ugonjwa, basi, hautoshi kueleza kwa nini watu walilala kwenye vituo vya treni. Sera ya kodi nayo ina sehemu yake.

Kesi iliyofunguliwa jijini humo mwaka 1979 kudai hifadhi kwa wasio na makazi ilimalizika kwa makubaliano ya 1981, yaliyolibana jiji kumpa kitanda kila mwanamume asiye na makazi aliyekiomba, na mamia ya vitanda yakapangwa katika kumbi kubwa za gwaride zilizogeuzwa hifadhi. Juu ya hifadhi hizo ulijengwa utaratibu wa ngazi: mtu alitoka hifadhini akaingia bweni la mpito, kisha nyumba ya pamoja yenye msimamizi, na mwishowe, akithibitika kuwa anameza dawa zake na ameacha pombe na mihadarati, alistahili nyumba yake mwenyewe. Aliyerudia kilevi aliteremshwa au kufukuzwa, hivyo waliobaki nje walikuwa ndio wagonjwa zaidi.

Mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliugeuza utaratibu huo mwaka 1992 alipoanzisha shirika la Pathways to Housing. Mtu alitolewa barabarani akakabidhiwa funguo za nyumba ya kawaida, iliyokodiwa kwa mwenye nyumba binafsi, naye akachangia asilimia 30 ya kipato chake, ambacho aghalabu kilikuwa posho ya ulemavu. Kikosi cha wahudumu wa tiba na ustawi wa jamii kilimfuata nyumbani, kwa mtindo uliobuniwa Madison, Wisconsin, katika miaka ya 1970. Alipaswa kukubali kutembelewa, ila matibabu yalikuwa hiari yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano asilimia 88 ya wapangaji hao walikuwa bado na makazi, ikilinganishwa na asilimia 47 ya waliopitia ngazi.

Finland iliufanya mwelekeo huo, uitwao Nyumba Kwanza, kuwa sera ya taifa mwaka 2008. Hifadhi ya Jeshi la Wokovu katika mtaa wa Alppikatu, Helsinki, iliyokuwa na vitanda takriban 250, ilivunjwa kuta za ndani ikawa nyumba 81, kila mkazi akiwa na mkataba wa upangaji na mlango unaofungwa kwa ndani.

Jaribio la Kanada la 2009 hadi 2013, lililohusisha watu zaidi ya 2,000 katika miji mitano, lilithibitisha faida hiyo ya makazi, lakini katika matumizi ya kilevi tofauti na waliopata huduma za kawaida ilikuwa ndogo. Wakosoaji wameling'ang'ania hilo, ingawa kuidai nyumba iponye uraibu ni kuidai deni ambalo haikukopa. Nchini Marekani, serikali ya Rais George W. Bush, ya chama cha Republican, iliuunga mkono mwelekeo wa Nyumba Kwanza. Amri ya Rais Donald Trump ya Julai 24, 2025 iliagiza uachwe, na msaada wa makazi ufungamanishwe tena na sharti la matibabu.