Ndege Chache za Vita vya Rufiji

Wengi wetu tulifundishwa Vita Kuu ya Kwanza kana kwamba ni mambo ya Ulaya tu. Napenda kuwakumbusha habari za ndege za Waingereza zilizopigana katika nchi yetu, na jinsi habari hizo zinavyotuhusu sisi wa Kilosa.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Manowari kubwa hazikuweza kuifuata humo kwa sababu ya uchache wa maji. Ikabidi itafutwe kutoka angani.

Rubani wa kwanza, Cutler, aliiona mwezi Novemba, lakini Desemba alitekwa. Februari 1915 zikaletwa ndege za majini za Sopwith, za aina iliyotengenezwa kwa idadi ndogo sana. Zilitarajiwa kupiga mabomu, lakini joto letu lilizishinda. Gundi iliachia, na zikipakiwa mabomu zilishindwa kuruka. Zilizofuata, za Short, zilifaulu kupiga picha za meli hiyo mwezi Aprili. Juni zikaja ndege nne za magurudumu, Farman na Caudron, zikakaa kisiwani Mafia.

Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold waliruka juu ya delta, wakizielekeza kwa simu ya upepo manowari Severn na Mersey, zilizoweza kuelea katika maji machache, wapi makombora yao yaangukie. Ndege yao ikapigwa. Walipokuwa wakishuka, Arnold aliendelea kutuma maelekezo. Wakaanguka mtoni, wakaokolewa; na Königsberg ikaangamia siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kazi ya ndege hizo haipimwi kwa mabomu. Zilishinda kwa macho.

Lakini vita havikuishia hapo. Wajerumani waliiopoa mizinga 10 ya meli hiyo, wakaitengeneza Dar es Salaam na kuitia magurudumu. Mei 1916 ilinguruma Kondoa Irangi. Agosti mwaka huo vita vikafika Kilosa. Mizinga hiyo ilivutwa milimani na mabondeni kwa mikono ya Waafrika. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu.

Majina ya Cull na Arnold yamo vitabuni. Mzinga mmoja umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa. Majina ya waliovuta kamba hayamo popote. Basi, ndugu, yeyote ambaye nyumbani kwao husimuliwa habari za babu aliyechukuliwa upagazi, aiandike na kuileta katika kurasa hizi. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wa hapa Kisanga wangali wapo.