Fahamu Magonjwa ya Misuli ya Moyo na Hatua za Kuchukua

Mkazi wa Njoro, Manispaa ya Moshi, aliyezoea kupanda kuelekea Kibosho bila kupumzika, akianza kuhema kwa mwendo mfupi wa tambarare, asiseme ni umri tu. Huenda misuli ya moyo wake imeanza kudhoofika.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Magonjwa haya huushambulia msuli wenyewe, tofauti na kuziba kwa mishipa ya moyo au kuharibika kwa vali.

Aina kuu

Kutanuka kwa moyo: chumba cha kushoto hupanuka na nguvu ya kusukuma damu hupungua. Vyanzo ni pamoja na kurithi, maambukizi ya virusi, unywaji wa pombe kupita kiasi kwa miaka mingi na baadhi ya dawa za saratani.

Unene wa misuli: mara nyingi hurithiwa. Mzazi mwenye kasoro hiyo ya vinasaba ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto. Huweza kusababisha kifo cha ghafla, hata kwa kijana mwanamichezo.

Kukakamaa kwa moyo: misuli hushindwa kulegea ili kupokea damu. Katika kundi hili umo ugonjwa wa makovu ya ukuta wa ndani wa moyo, ulioelezwa na Dkt. Jack Davies nchini Uganda mwaka 1948.

Mama aliyejifungua

Misuli ya moyo huweza kudhoofika kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua. Kwa kuwa miguu kuvimba na uchovu huhesabiwa kuwa mambo ya kawaida ya uzazi, wengine huchelewa kutibiwa. Mama anayeshindwa kupumua akilala chali, au anayeamka usiku akitafuta hewa, apelekwe hospitali mara moja. Aliyewahi kuugua amwone daktari kabla ya kubeba mimba nyingine.

Uchunguzi na matibabu

Kipimo cha umeme wa moyo na kile cha mawimbi ya sauti, maarufu kama eko, huonesha hali ya misuli. Mgonjwa aanzie kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitampa rufaa inapohitajika kwenda Hospitali ya Mawenzi au KCMC, zote za Moshi. Ngazi ya juu zaidi ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Dawa hupunguza maji mwilini na kuusaidia moyo kufanya kazi, na wagonjwa wengi huendelea na shughuli zao. Uvimbe kupungua si ishara ya kupona. Dawa zisiachwe bila ushauri wa daktari.

Wananchi wanahimizwa kupima shinikizo la damu, kupunguza chumvi na pombe, na kumweleza daktari iwapo kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Taarifa hiyo moja huweza kuokoa familia nzima.