Tundu Dogo Lililohesabu Damu

Kabla ya miaka ya 1950, mtaalamu wa maabara aliyetaka kujua idadi ya chembe za damu za mgonjwa alitegemea macho yake. Aliizimua damu, akaitandaza kwenye kioo chenye mistari, akainamia hadubini na kuhesabu chembe moja moja. Alizohesabu zilikuwa mamia tu, na kwa hizo alikadiria mamilioni. Ndiyo maana watu wawili waliweza kutoa majibu tofauti kwa damu ileile.

Mmarekani Wallace Coulter, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1913, aliijua adha hiyo. Akiwa muuzaji na fundi wa mitambo ya eksirei, kazi ilimfikisha katika hospitali za Manila, Shanghai na Singapore. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa Chicago, alianza majaribio katika chumba cha chini ya nyumba.

Alichogundua ni rahisi kueleza. Chembe huchanganywa na maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme. Maji hayo hugawanywa na ukuta wenye tundu dogo mno, na kila upande huwekwa elektrodi. Mkondo wa umeme hupita tunduni bila kukatika. Chembe ikipenya, huchukua nafasi ya maji, na kwa kuwa yenyewe haipitishi umeme vizuri, ukinzani hupanda ghafla kisha hushuka. Kila badiliko ni pigo moja: wingi wa mapigo ni idadi ya chembe, na ukubwa wa pigo huonyesha ujazo wa chembe iliyopita.

Aliomba hataza mwaka 1949, akaipata Oktoba 1953. Mwaka 1956 aliwaeleza wahandisi mashine yake mjini Chicago, na mwaka huohuo watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha tathmini yake. Maelfu ya chembe sasa yalihesabiwa kwa sekunde. Mwaka 1958 Wallace na mdogo wake, Joseph, walianzisha kampuni.

Elektrodi hazibagui damu na vumbi, kwa hiyo njia hiyo ilienea hadi viwanda vya rangi na vya dawa, kupima unga na chembe ngumu nyingine. Baharini nako ilifika: mwaka 1967 R. W. Sheldon na T. R. Parsons wa Canada walichapisha utafiti wa ukubwa wa chembe zinazoelea majini, zilizopimwa kwa chombo hicho.

Coulter alifariki mwaka 1998. Mgonjwa anayepimwa leo picha kamili ya damu, mara nyingi majibu yake hutoka kwenye mashine inayofuata kanuni hiyo. Fizikia yake haizidi ile ya sekondari. Walimu, wafundisheni wanafunzi kuichunguza kazi inayowachosha watu, kwani uvumbuzi huu ulianzia hapo.