Alama ya Biashara: Kusajili Jina Pekee Hakutoshi Kulinda Bidhaa

Wafanyabiashara wengi wa Nyamahanga na maeneo mengine ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, huamini kwamba mtu akishapata cheti cha jina la biashara na leseni, jina lililo kwenye bidhaa yake limelindwa. Imani hiyo si sahihi. Kinacholinda jina au nembo inayoonekana kwenye lebo, chupa au mfuko ni usajili wa alama ya biashara, na usajili huo una sheria yake, Msajili wake na cheti chake.

Makala hii inaeleza usajili huo kwa manufaa ya wajasiriamali na wote wanaowashauri, wakiwemo maafisa biashara wa halmashauri, mawakili na viongozi wa vyama vya ushirika.

Vyeti vinavyochanganywa

Tanzania Bara inasimamia eneo hili kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, Sura ya 326. Msimamizi wake ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ulio chini ya wizara yenye dhamana ya viwanda na biashara.

Jina la biashara, linalosajiliwa chini ya Sura ya 213, humtambulisha mwenye biashara. Usajili wa kampuni huunda mtu wa kisheria. Leseni humruhusu mhusika kufanya biashara mahali fulani. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) huthibitisha kuwa bidhaa imekidhi kiwango, na msimbomilia hurahisisha utambuzi wa bidhaa dukani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachompa mtu haki ya kumzuia mwingine kutumia jina au nembo inayofanana na yake kwenye bidhaa ya aina ileile. Haki hiyo hutokana na usajili wa alama.

Alama inayosajilika

Alama inaweza kuwa neno, jina, saini, herufi, tarakimu, mchoro au mchanganyiko wa hivyo. Sharti kuu ni upekee, yaani iweze kumtofautishia mnunuzi bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachofungasha asali. Maneno "Asali Safi" au "Asali ya Biharamulo" yanaeleza tu bidhaa na mahali inakotoka, na kila mrina asali wa wilaya hiyo ana haki ya kuyatumia. Kikundi kikitumia neno lisilo la kawaida kwa asali, pamoja na mchoro wake chenyewe, nafasi ya kukubaliwa huwa kubwa zaidi. Maneno ya kawaida yanaweza kubaki kwenye lebo, ila Msajili anaweza kutaka mwombaji akiri kwamba hadai umiliki wa maneno hayo.

Alama inayofanana na iliyokwisha kusajiliwa kwa bidhaa za aina moja, inayopotosha umma, au iliyo kinyume cha sheria na maadili, haikubaliwi.

Hatua za usajili

Kwanza, mhusika aamue mmiliki ni nani: mtu binafsi, kikundi, ushirika au kampuni. Kikundi kikivunjika huku alama ikiwa imesajiliwa kwa jina la mwanachama mmoja, wenzake hujikuta hawana haki juu ya jina walilolijenga pamoja. Aidha, nembo iliyochorwa na msanii wa kulipwa iambatane na maandishi yanayoihamishia haki kwa mwenye biashara.

Pili, ufanyike upekuzi ili kujua kama kuna alama inayofanana. Hatua hii hutangulia uchapishaji wa lebo, kwa kuwa maelfu ya vifungashio vinaweza kupotea iwapo jina litagundulika kuwa la mwingine.

Tatu, lichaguliwe kundi la bidhaa au huduma kwa mujibu wa Mkataba wa Nice, wenye makundi 45: ya 1 hadi 34 ni ya bidhaa na ya 35 hadi 45 ni ya huduma. Asali na kahawa ziko kundi la 30, ndizi mbichi kundi la 31, mvinyo wa ndizi kundi la 33, usafirishaji kundi la 39 na nyumba za wageni kundi la 43. Kila kundi huombewa na kulipiwa peke yake.

Nne, maombi huwasilishwa kwa njia ya mtandao katika mfumo wa usajili wa BRELA, ambao mwombaji Mtanzania huingia kwa kutumia Namba ya Utambulisho wa Taifa.

Tano, Msajili akiridhika, alama hutangazwa katika jarida rasmi. Kuanzia siku hiyo, yeyote mwenye sababu ana siku 60 za kuweka pingamizi. Muda huo ukipita bila pingamizi, au pingamizi likishindwa, na ada ikilipwa, cheti hutolewa.

Muda wa ulinzi

Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, ikihesabiwa tangu tarehe ya maombi. Baada ya hapo alama huhuishwa kila baada ya miaka 10 bila kikomo. Alama isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kuombewa kufutwa. Uuzaji au urithishaji wake nao unapaswa kuandikishwa kwa Msajili.

Ulinzi huishia mpakani

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wilaya hizi. Bidhaa zinazopita Rusumo kwenda Rwanda, au Kabanga kwenda Burundi, huacha nyuma ulinzi wa cheti cha BRELA. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina alama moja ya biashara inayosajiliwa kwa nchi zote wanachama, hivyo anayeuza nje asajili pia katika nchi ya soko. Nchini Rwanda kazi hiyo hufanywa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB). Hata Zanzibar ina sheria yake, Sheria Na. 4 ya mwaka 2008, na usajili wake hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA).

Ethiopia ilionesha faida ya hatua hiyo. Mwaka 2005 iliomba kusajili nchini Marekani majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na kampuni ya Starbucks yaliyotambua umiliki wake wa majina hayo. Wakulima wa kahawa wa Kagera wana la kujifunza hapo.

Alama ikiigwa

Mwenye alama iliyosajiliwa anaweza kufungua shauri mahakamani kuomba zuio na fidia. Bidhaa bandia zinaripotiwa pia kwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Asiyesajili hawezi kudai kwamba alama yake imeingiliwa. Hubakiwa na njia ya kudai kuwa mshindani anauza bidhaa zake kwa kujifanya yeye, na hapo hulazimika kuthibitisha kwa ushahidi kwamba jina hilo lilikwisha kujulikana kwa wateja kuwa ni lake. Kwa sababu hiyo, risiti za mauzo, lebo za zamani, mikataba na matangazo vitunzwe tangu siku ya kwanza, na maombi yawasilishwe kabla bidhaa haijapata umaarufu wa kuwavutia waigaji.